Kabla ya kusema "askari wote ni wamoja"

Vijana wenzangu, hapa Gisenyi askari ni stori ya kila siku. Januari 2025, Goma ilipochukuliwa na M23, wapo askari wa Congo waliovuka mpaka wakasalimisha silaha zao huku Rubavu. Nikasikia watu wakisema: hao wote ni wamoja, wana roho ya kuua.

Mimi neno hilo linanigusa. Binamu yangu alichukuliwa na kikundi cha wenye silaha akiwa na miaka 13. Sasa amerudi. Akielezea mapigano anacheka, halafu ananyamaza saa nzima. Mama mkubwa anauliza: mtoto wangu alizaliwa hivi, au walimfanya hivi?

Kuna watafiti waliojaribu kupima jambo hilo. Wale wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walitangaza mwaka 2011 kipimo chenye maswali 15. Mpiganaji wa zamani anaulizwa kama kupigana kulimpa raha, na kila jibu linapewa namba, kuanzia 0 hadi 4. Walipowapima wapiganaji wa zamani kule Congo, waliokuwa wameingia wakiwa watoto ndio walioonyesha raha hiyo zaidi. Hao hao ndio waliokuwa na majeraha makubwa zaidi ya moyo. Kwa hiyo hata kile tunachokiita "tabia yake", sehemu kubwa amefundishwa.

Watafiti wawili wa Sweden, Maria Eriksson Baaz na Maria Stern, waliongea na askari karibu 200 wa jeshi la Congo kuhusu ubakaji. Walichoandika mwaka 2009 kina maneno ya askari wenyewe: umaskini, hasira, aibu ya kushindwa kulisha familia. Siyo kisingizio. Aliyeumizwa bado ameumizwa.

Ila namba nayo ina mipaka. Ndugu zetu mnaofanya kazi za misaada, mnajua: mtu akiulizwa na yule anayegawa kadi, atajibu kinachompa kadi.

Ndiyo maana napenda njia nyingine waliyoitumia watafiti hao wa Konstanz. Mtu anatandika kamba chini, ndiyo maisha yake. Anaweka ua kwa jambo jema, jiwe kwa baya lililompata, kijiti kwa ukatili alioufanya yeye. Halafu anasimulia yote, moja baada ya lingine, na kuna mtu anasikiliza.

Basi, ukikutana na aliyetoka porini, usianze na "uliua wangapi?" Anza na "ulikuwa na miaka mingapi walipokuchukua?"