Daftari la Mvua

Hapa Katana ukitaja vyombo vya kale vya kupimia hali ya hewa, watu hukumbuka Lwiro, jirani yetu, palipojengwa makao ya IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947. Walakini chombo kilichonifunza mimi kilikuwa kidogo sana: kipimio cha mvua cha shule, yaani faneli, chupa, na bilauri yenye alama za milimita. Milimita moja ni lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba ya shamba.

Kazi hii si ngeni kwa watu wa Kanisa. Mwaka 1639, huko Perugia, Italia, ziwa Trasimeno lilikuwa limepungua kwa ukame. Mvua iliponyesha, Benedetto Castelli, mtawa wa Mtakatifu Benedikto, alitega chombo cha kioo, akapima maji, akamwandikia Galileo, mwalimu wake.

Basi, nilipokuwa mwalimu kijana, wanafunzi walisoma kipimio kila asubuhi kwa zamu. Jumatatu moja nilikuta Jumamosi na Jumapili hazikuandikwa. Mkaguzi alikuwa anakuja. Kwa kuona haya, bila hata kutazama chupa, nikaandika sifuri mbili.

Mtoto mmoja akauliza kwa adabu, “Mwalimu, jana si tulilowa sote tulipotoka Misani?”

Nikanyamaza. Kisha nikazikata zile sifuri kwa kalamu mbele ya darasa zima. Tukayapima maji yaliyokuwamo chupani, tukaandika wazi kwamba ni jumla ya siku tatu.

Sifuri maana yake mvua haikunyesha; nafasi tupu maana yake hatukutazama. Kuchanganya mambo hayo mawili ni kuvunja Amri ya Nane, ijapokuwa ni kwa wino kidogo tu.

Tarehe 4 Mei 2023, mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 huko Kalehe, kaskazini yetu. Baada ya msiba kama ule watu huuliza: je, mvua ya namna hii imekwisha kunyesha mara ngapi? Mwenye kujenga daraja au nyumba bondeni anahitaji jibu la kweli, na jibu hilo hutoka katika madaftari ya waliotangulia.

Enyi wanafunzi, msipotazama, semeni hamkutazama.