Kumuuliza Mwandishi Swali

Huenda muhula huu mwandishi wa kitabu teule akazuru shule yenu, au mkapelekwa kwenye maonyesho ya vitabu pale Sarit Centre, Nairobi. Atazungumza, kisha mfawidhi atatangaza kuwa ni zamu ya maswali. Hapo ndipo wengi wetu huharibu. Mimi niliharibu nikiwa tayari mwalimu.

Mwandishi alikuwa ametutembelea. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne walijaa bwaloni, na maswali yalikuwa yametengewa dakika 20 tu. Nilikishika kipaza sauti wa kwanza. Nikaanza na "itifaki ikiwa imezingatiwa", nikaeleza ninavyokifundisha kitabu chake, nikaingia kwenye maudhui, nikapitia mbinu za uandishi, nikalinganisha na tamthilia nyingine. Mgeni aliniacha nimalize, kisha akauliza kwa upole, "Na swali ni lipi, mwalimu?" Wanafunzi wakaangua kicheko. Sikuwa na swali. Yaliulizwa mawili tu baada yangu, wapishi wakaanza kupanga sahani.

Siku mbili baadaye, nikisahihisha insha, nilikuta maneno haya kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la msichana mmoja mkimya wa kidato cha tatu: "Mama wa mhusika mkuu hana jina kitabu kizima. Ulisahau au ulimnyima?" Nilikuwa nimekifundisha kitabu kile kwa miaka mitatu bila kuliona jambo hilo.

Litazame swali lake. Linaonyesha kwamba amesoma, linagusa jambo moja, na ni mwandishi pekee awezaye kulijibu. Usimuulize Timothy Arege maudhui ya Bembea ya Maisha ni yapi; hilo ni la mwalimu wako, na la mwongozo huu. Wala usimuulize mwandishi yeyote dondoo litakalotoka katika Karatasi ya Tatu. Si yeye anayetunga mtihani.

Kosa jingine ni kumtwika mwandishi maneno ya mhusika. Mhusika akiwatukana wanawake, usisimame ukamwambia mgeni, "Kwa nini unawadharau wanawake?" Muulize, "Kwa nini ulimpa mhusika huyu maneno hayo?" Swali litabaki kali vilevile, nawe hutakuwa umemkosea heshima.

Liandike swali lako mapema. Ukianza kutetemeka, lisome tu; hakuna atakayekucheka kwa kusoma. Inua mkono, subiri kipaza sauti, taja jina na kidato chako, uliza, keti. Jibu lisipokuridhisha, usibishane mbele ya ukumbi huku wenzako wakingoja zamu. Mfuate baadaye anapotia sahihi vitabu, lakini hata pale kumbuka foleni iliyo nyuma yako.

Yule msichana nilimwita nikamwomba radhi. Aliinamisha kichwa, kisha akauliza kama mwandishi angerudi. Nilimwonyesha anwani ya mchapishaji katika kurasa za mwanzo za kitabu, nikampa bahasha na stempu. Barua aliyoniletea kesho yake ilikuwa na salamu, zile sentensi mbili, na jina lake.