Aliyeuliza wengine, yeye hakuulizwa

"Mama, una ujauzito, au unanyonyesha?"

Katika kliniki moja ya meno Dar es Salaam, kila mwanamke anayekuja kuziba jino huulizwa hivyo kabla ya kukaa kwenye kiti. Anayeuliza ni dada msaidizi wa daktari. Mwezi wa pili mwaka huu yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya wiki saba, na hakuna aliyemuuliza.

Swali lina sababu. Ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya fedha, amalgamu, karibu nusu yake ni zebaki. Mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana isitumike kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walio chini ya miaka 15, isipokuwa daktari akiona hakuna budi.

Lakini mgonjwa hukaa nusu saa akaenda zake. Msaidizi yupo kutwa. Ndiye anayetia kapsuli kwenye mashine ya kuchanganyia, anayekusanya mabaki, anayeinama karibu daktari anapochimba upya jino lililozibwa zamani. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Ukishaingia kwenye damu ya mama, hupita kondo la nyuma ukamfikia mtoto.

Dada yule alinyamaza. Kwao mimba changa haitangazwi, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Ila wiki hizo za kimya ndizo viungo vya mtoto vinapoundwa.

Kilichomsukuma ni mwenzake aliyemtangulia kazini, aliyeharibikiwa mimba mbili. Hakuna awezaye kusema ni zebaki, maana mimba huharibika kwa mengi. Lakini pia hakuna aliyewahi kupima hewa ya chumba kile, na madirisha hufungwa kwa sababu ya kiyoyozi.

"Daktari, naomba kwa sasa nisishike amalgamu."

Daktari akaweka kifaa chini. "Tangu lini?"

"Wiki ya saba."

Hakugomba. Alimhamishia mapokezi siku hiyo hiyo. Chupa ya mabaki, iliyokuwa wazi pembeni ya sinki miaka yote, ikapata kifuniko. Madirisha sasa hufunguliwa asubuhi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, na wateja wanalalamika joto.

Kliniki ya wajawazito wamemwambia mtoto anakua vizuri. Kuhusu mkataba, daktari amesema wataongea.