Haaland, Bryne na Daftari la Kocha Wetu

Leo tuweke kando mambo ya simu mpya na programu, tuzungumze kandanda. Wewe usiyependa mpira usiondoke, maana tutarudi kwenye kompyuta kabla chai yako haijapoa.

Kuna uhamisho mmoja wa mchezaji ambao hunirudia akilini mara kwa mara. Ni ule wa Erling Haaland, mshambulizi wa Norway, kutoka Red Bull Salzburg ya Austria kwenda Borussia Dortmund ya Ujerumani. Ulitangazwa tarehe 29 Desemba 2019, kijana akiwa na miaka 19 tu. Kitita kilichoripotiwa kilikuwa yuro milioni 20. Tarehe 18 Januari 2020 akacheza mechi yake ya kwanza kule Augsburg. Aliingia kama mchezaji wa akiba, Dortmund wakiwa nyuma 3-1, na ndani ya dakika 23 alikuwa ameshafunga mabao matatu. Mechi ikaisha 5-3. Wakati huo nilikuwa chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta, na bweni zima lilipiga kelele hadi wasiopenda mpira wakatoka kuuliza kuna nini.

Kila mtu alizungumzia mabao. Mimi, kwa sababu ya kazi ninayofanya sasa, nimekuja kupenda upande mwingine wa uhamisho ule, upande usioonyeshwa kwenye runinga. Nazungumzia data.

Mchezaji wa kulipwa akihama kutoka nchi moja hadi nyingine, kabla hajavaa jezi mpya lazima ahame kwenye kompyuta. Tangu tarehe 1 Oktoba 2010, FIFA ililazimisha uhamisho wa kimataifa wa wachezaji wa kiume wa kulipwa upitie mfumo wake wa mtandaoni unaoitwa TMS. Zamani kazi hii ilikuwa ya makaratasi na faksi. Siku hizi klabu inayouza huingiza habari zake: jina, bei, tarehe za malipo, mawakala. Klabu inayonunua nayo huingiza zake kivyake. Kisha mfumo hulinganisha. Ni kama mashahidi wawili wanaohojiwa katika vyumba tofauti. Habari zisipoafikiana, shughuli inasimama hadi tofauti iondolewe. Zikiafikiana, shirikisho la nchi anakotoka mchezaji huombwa cheti cha kimataifa cha uhamisho ili mchezaji asajiliwe kule aendako.

Hayo ni mazuri, lakini kilichoniteka hasa ni waraka mwingine uitwao pasipoti ya mchezaji. Usiuchanganye na pasipoti ya kusafiria. Huu ni orodha ya klabu zote alizosajiliwa mchezaji tangu msimu aliotimiza miaka 12, pamoja na tarehe za kuingia na kutoka. Yaani ni jedwali la kawaida tu. Mistari michache, safu tatu nne. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kulitengeneza kabla ya chakula cha mchana.

Lakini jedwali hilo lina pesa ndani yake. Sheria ya FIFA inasema mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei yake inagawiwa klabu zilizomfunza kati ya miaka 12 na 23. Hesabu yake ni rahisi. Kila mwaka kuanzia ule wa miaka 12 hadi wa 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya bei. Kila mwaka kuanzia ule wa 16 hadi wa 23 una thamani ya asilimia 0.5. Jumlisha yote uone, utapata 5 kamili.

Sasa tumrudie Haaland. Alizaliwa Leeds, Uingereza, tarehe 21 Julai 2000, wakati baba yake Alf-Inge akicheza soka huko, lakini alilelewa Bryne, mji mdogo wa kusini magharibi mwa Norway. Alicheza katika klabu ya mji huo tangu utotoni hadi mwanzoni mwa 2017 alipokwenda Molde, kisha Januari 2019 akaenda Salzburg. Msimu wa Norway unafuata mwaka wa kalenda, kwa hiyo hesabu inakaa vizuri. Miaka ya 2012 hadi 2015 ni minne ya asilimia 0.25, jumla asilimia 1. Mwaka wa 2016, alipotimiza 16, unaongeza 0.5. Fungu la Bryne, kwa fomula hiyo, ni asilimia 1.5.

Kwa yuro milioni 20, hiyo ni yuro 300,000. Zaidi ya shilingi milioni 30 za Kenya kwa bei ya wakati ule. Na haikuishia hapo. Mwaka 2022 Haaland alipohama tena kutoka Dortmund kwenda Manchester City kwa kitita kilichoripotiwa kuwa yuro milioni 60, mstari uleule wa Bryne ulisomwa upya. Asilimia 1.5 ya milioni 60 ni yuro 900,000. Klabu ya mji mdogo haikufanya kazi yoyote mpya. Mtoto ilikuwa imeshamfunza, na mwaka wake ulikuwa umeshaandikwa.

Tena sikiliza hili. Mwaka ule wa 2016, Haaland alianza kuchezeshwa timu kubwa ya Bryne katika daraja la pili la Norway. Alicheza mechi 16 za ligi. Alifunga mabao mangapi? Sufuri! Hata moja hakupata. Na bado mwaka ule ndio wenye thamani kubwa kuliko yote aliyokaa pale. Fomula haiulizi mtoto alifunga mangapi. Inauliza alikuwa wapi, tangu tarehe gani hadi tarehe gani, na nani anaweza kuthibitisha.

Hapo ndipo mambo yanapokuja karibu na kwetu. Tarehe 17 Septemba 2019, Haaland alicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa, akafunga matatu, Salzburg wakawafunga Genk ya Ubelgiji 6-2. Bao moja kati ya yale mawili ya Genk lilifungwa na Mbwana Samatta wa Tanzania. Miezi minne baadaye, Januari 2020, wote wawili walikuwa na klabu mpya: Haaland Dortmund, Samatta Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Washambulizi wawili, uwanja mmoja, mwezi mmoja wa kuhama, sheria ileile. Pasipoti ya Samatta inapitia African Lyon na Simba za Dar es Salaam, kisha TP Mazembe ya Lubumbashi. Hizo ni klabu zenye ofisi na makatibu. Swali langu ni kuhusu ile mistari ya juu kabisa, miaka 12, 13 na 14, ambayo watoto wengi wa Afrika Mashariki huimaliza kwenye uwanja wa vumbi. Nani huiandika?

Mtaani kwetu hapa Nairobi kuna timu ya watoto. Kocha wao ni fundi seremala. Mchana anapiga randa, jioni anafunza watoto, na kila kitu anakiandika kwenye daftari la shule la kurasa 96: jina la mtoto, namba ya simu ya mama, nani amelipa shilingi ishirini za maji. Mwaka 2023, baada ya kuisoma sheria hii hadi usiku wa manane, nilimfuata uwanjani.

"Kocha," nikamwambia, "watoto hawa umewaandika tangu lini?"

"Tangu nianze, kijana wangu. Madaftari yako nyumbani. Mengine mvua iliingia, lakini yapo."

Tukayatoa. Tulipata tisa, na yaliyosomeka vizuri yalikuwa matano. Nilikaa nayo wikendi tatu nikiingiza majina kwenye programu ndogo niliyoiandika. Jamani, kazi ilikuwapo! Kulikuwa na akina Drogba wawili, Ronaldinho mmoja, na Oliech Mdogo ambaye hakuna aliyekumbuka jina lake la shuleni. Mtengenezaji programu yeyote atakwambia kwamba mfumo wa data unahitaji kitu kimoja cha kumtofautisha mtu na mwingine. Jina la utani halifai, kwa kuwa mwaka ujao atakuja Drogba wa tatu.

Nilipomweleza Kocha habari za Bryne, hakufurahi kama nilivyotarajia. Alinyamaza, akatazama watoto wakipasha misuli, kisha akasema, "Nikianza kuwaandika kama ng'ombe wa mnada, wazazi watanionaje? Watasema namuuza mtoto wao."

Nilikaa na neno hilo siku nyingi, kwa sababu lina ukweli. Pesa zikisikika tu, watu wa kila aina hujitokeza na kuanza kumgombania mtoto. Ila nikaona mambo mawili. Kwanza, pesa hizi hazitoki mfukoni mwa mtoto wala hazimpi kocha haki ya kumzuia asiende. Zinatoka kwenye bei ambayo klabu kubwa zinalipana. Pili, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Kwa hiyo tuliita wazazi wote Jumapili moja alasiri, tukawasomea kila safu tuliyotaka kujaza na kwa nini. Mama mmoja akauliza kama anaweza kupewa nakala ya rekodi ya mwanawe. Nikasema ndiyo, ni haki yake. Baada ya hapo hakuna aliyekataa kutia sahihi.

Sasa nifikie sehemu ngumu. Programu ilikuwa tayari, safi, ina nakala mbili. Na kwa macho ya FIFA ilikuwa kazi bure. Kwa nini? Kwa sababu pasipoti ya mchezaji hutolewa na shirikisho la nchi, na mstari wake lazima uwe wa klabu iliyo mwanachama na mtoto aliyesajiliwa rasmi. Timu yetu haikuwa imesajiliwa popote. Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo cha malipo jijini Paris kinachosimamia fungu hili, na mfumo wake huanza kwa kukusanya rekodi za kielektroniki kutoka mashirikisho. Zamani klabu ilibidi yenyewe ijue mchezaji ameuzwa, kisha idai. Sasa mambo ni mepesi zaidi kwa yule aliye ndani ya data. Kwa asiyekuwamo, kompyuta haitamtafuta mtaani.

Na muda haukutusubiri. Mwaka huohuo wa 2023 mshambulizi wetu bora, kijana wa miaka 14 mwenye mguu wa kushoto hatari, alichukuliwa na timu nyingine kubwa mjini. Kocha alimpa viatu vyake vya zamani na kumwombea. Akaniambia, "Akifika mbali nitamwona kwenye TV. Inatosha." Mimi nilijua miaka yake mitatu pale kwetu iko kwenye daftari na kwenye kompyuta yangu, basi. Haiko mahali panapohesabiwa, na hakuna programu ya kuirudisha.

Wazazi walichanga, na mwaka 2024 timu ikasajiliwa. Wale wadogo wa miaka 12 sasa wana mistari yao. Pengine hakuna hata mmoja atakayeuzwa Ulaya. Ndivyo ilivyo kwa watoto wengi, hata kule Bryne. Lakini Kocha anastahili kuandikwa kama mtu aliyefanya kazi ile.

Basi kama una timu ya watoto, au shemeji yako anayo, mpe kazi hii wiki hii. Aandike jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, namba ya cheti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuingia, na tarehe ya kutoka. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi. Apate sahihi ya mzazi. Aweke nakala sehemu mbili, moja isifikiwe na mvua. Halafu asajili timu na watoto wake kwanza, kabla hata hajatafuta kijana wa kompyuta kama mimi. Programu ni rahisi, na inaweza kungoja. Miaka ya mtoto haingoji.

Haya, wacha nirudi kazini. Tuonane wiki ijayo.