Kichupa cha Tunduma na Damu Isiyopimwa

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Ruanda, mkoani Songwe. Jioni moja, tukiota moto jikoni, mdogo wangu wa kike alitoa mkobani kichupa cha vidonge alichonunua Tunduma. "Kaka, wewe si ndiye daktari," akanitania kama kawaida yake, maana udaktari wangu ni wa vitabu. "Hebu nisomee. Muuzaji kasema vinatuliza mawazo na kuzuia usahaulifu wa uzeeni."

Nikasoma: lithiamu oroteti, miligramu 5. Nikanyamaza. Jina hilo sikulijulia chuoni. Nililijulia kwa baba yetu mdogo.

Baba mdogo alikuwa seremala hodari. Ilikuwapo miezi ambayo hakulala, akigawa fedha na kuahidi kujengea kijiji shule. Kisha ikafuata miezi ya kujifungia ndani, hali, hasemi. Majirani walisema karogwa. Daktari mmoja akasema ni ugonjwa uitwao baipola, akamwandikia lithiamu kaboneti. Baada ya wiki kadhaa alirudi kuwa yule tuliyemjua, na randa yake ikasikika tena.

Ukafika msimu wa kuchuma kahawa. Jua, jasho, maji machache. Mgongo ukamuuma, akanunua diklofenaki dukani. Siku chache baadaye mikono ikatetemeka, akaharisha, akawa anayumba. Tukamlaumu kwamba amerudia pombe. Kumbe ilikuwa sumu ya dawa. Kituo tulikompeleka hakikuwa na uwezo wa kupima kiwango cha lithiamu katika damu. Walimsimamishia dawa, wakamtundikia dripu, akapona. Lakini dawa hakuirudia tena, kwa kuwa hapakuwa na wa kuipima. Giza lile likamrudia, na miaka miwili baadaye tukamzika.

Ndugu msomaji, lithiamu ni chumvi, na figo huichukulia kama sodiamu. Mwili ukipungukiwa maji, figo huizuia isitoke. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya vivyo hivyo, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu pia. Kiwango kinachotibu ni takriban milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, kikizidi 1.5, dalili za sumu huanza kujitokeza. Kati ya tiba na sumu pana upenyo mwembamba, na taa ya kuupitia ni kipimo cha damu. Anayeitumia kwa miaka hupaswa pia kupimwa figo na tezi ya shingo.

Historia imekwisha kutufundisha hayo. Mwaka 1949 John Cade, daktari wa Australia, alichapisha habari za wagonjwa waliotulia kwa lithiamu. Mwaka huohuo, Marekani, watu walikufa kwa kutumia chumvi ya lithiamu mahali pa chumvi ya chakula. Huku imeokoa, kule imeua. Kilichotofautiana ni uangalizi. Hadi leo ni miongoni mwa dawa chache zenye ushahidi mzuri wa kupunguza vifo vya kujiua kwa wenye ugonjwa huo.

Je, kichupa cha mdogo wangu? Kiasi chake ni kidogo: kidonge cha hospitali cha miligramu 300 za kaboneti hubeba takriban miligramu 56 za lithiamu yenyewe. Mwaka 2025 watafiti wa Harvard walichapisha katika jarida la Nature kwamba lithiamu oroteti iliwarudishia kumbukumbu panya wenye ugonjwa unaofanana na Alzheimer. Ni habari ya matumaini, lakini panya si binadamu, na majaribio ya panya hayatoshi kumpa mtu ruhusa ya kujitibu. Wafanyabiashara hawakungoja.

Nikamuuliza mdogo wangu anatumia dawa gani nyingine. Akataja ya shinikizo la damu, ya aina ile inayopunguza maji mwilini. Nikakifunga kichupa. Huenda kisingemdhuru; lakini nani angempimia?

"Basi kaka, na huu usingizi ulionikimbia tangu nifiwe na mume?" Hapo ndipo nilipoona haya. Nilikuwa nimehutubia chupa, nikamsahau mtu. Jumatatu tulikwenda pamoja hospitalini, akapata mtu wa kumsikiliza kwa saa nzima.

Kwenu watumishi wa umma nina neno moja. Kichupa kimeweza kuvuka mpaka, kikapanda daladala, kikafika Ruanda. Kipimo cha damu hakijafika. Dawa inayohitaji kipimo, ikitolewa bila kipimo, ni nusu ya dawa. Na mgonjwa anayenyimwa dawa kwa kukosa kipimo ameachwa peke yake. Tunapopanga bajeti za hospitali zetu, kipimo hiki kiandikwe. Nanyi wanafunzi wangu mnaosaka utulivu wa mitihani mitandaoni, kabla ya kumeza ulizeni: figo zangu zikoje, natumia nini kingine, na nani atanipima?

Randa ya baba mdogo ningali nayo. Imeshika kutu.