Kutoka Kilele cha Buyangu

Je, msomaji, umewahi kufika Buyangu? Panda matatu mjini Kakamega, ushike barabara ya Webuye, na baada ya kilomita 20 hivi uteremke, uelekee mashariki kwa miguu au bodaboda hadi lango la hifadhi. Kwea kilima asubuhi, kabla jua halijawa kali. Msitu wa Kakamega utauona umetanda chini yako, na ukitulia utawasikia mbega.

Sasa geuza shingo. Msitu unapokoma, mashamba yanaanza papo hapo: miwa, mahindi, maharagwe; vipande vidogo vidogo vilivyotenganishwa na ua tu.

Kumbuka picha hiyo utakaposikia watu wakibishana kuhusu mahindi yaliyobadilishwa jeni. Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula hivyo mwaka 2012, Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022, na kesi zikafuata mahakamani. Mjini tunauliza kama ni salama kuliwa. Swali la haki, lakini kule mashambani lipo jingine.

Mahindi yaitwayo Bt yametiwa jeni ya bakteria wa udongoni, hivyo kiwavi anayetoboa mabua akiyatafuna hufa. Mkulima anaokoa pesa za dawa, na hiyo si faida ndogo. Ila kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalofyonza mizizi ya mahindi huku Magharibi, halijali Bt hata kidogo.

Tena kuna sharti: sehemu ya shamba ipandwe mahindi ya kawaida, viwavi wapate pa kuishi. Usishangae. Wasipoachiwa nafasi, watasalia wale sugu tu, wazaane wao kwa wao. Afrika Kusini ilianza kulima mahindi ya Bt mwaka 1998. Kufikia 2007 kiwavi sugu alikuwa ameripotiwa, naye ni wa aina ile ile inayotoboa mabua ya kwetu. Ikiwa wenye mashamba makubwa walishindwa, mama mwenye robo ekari atamgawia kiwavi mistari mingapi?

Wataalamu wa kituo cha icipe kule Mbita walikuja na njia nyingine: desmodiamu katikati ya mahindi, majani ya napia pembeni. Kiwavi hufukuzwa, kayongo hupungua, ng'ombe hupata lishe. Kazi ya jembe, hata hivyo, ni nyingi.

Ukishuka kilimani, pita mashambani polepole. Ukiona bua lenye matundu, lipasue utazame ndani. Omba ruhusa kwanza.