Kiyoyozi kilichosema "nimewaka"

Nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na leo nitawaeleza kwa nini. Ni habari ya kiyoyozi, maembe na mama yangu. Mliokuja kwa ajili ya mambo ya ufundi msiondoke, yamo humu pia.

Najua mtu wa Makueni akisikia "kiyoyozi" atacheka. Kwetu Kalamba joto likizidi, mtu hutafuta kivuli cha mti na maji ya mtungi, basi. Lakini kiyoyozi cha kwanza cha kisasa hakikutengenezwa kwa ajili ya starehe ya watu. Mwaka 1902 Willis Carrier alichora mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, New York, kwa sababu unyevu wa hewa ulikuwa unaharibu kazi ya karatasi. Yaani kiyoyozi kilianza kwa kulinda mali. Sasa sisi mali yetu ni maembe.

Kalamba ni nchi ya maembe. Kiwanda cha kusindika matunda cha Kaunti ya Makueni kiko hapa hapa, kilizinduliwa mwaka 2017. Tatizo la embe ni kwamba yote huiva pamoja. Msimu ukifika kila mtu anayo, bei inaanguka, na mnunuzi anajua huwezi kungoja. Ukiweza kuyahifadhi majuma mawili tu, wewe ndiye unayepanga bei. Mama na wenzake sita wa chama wakaamua kujenga stoo ya baridi: chumba kidogo, kuta mbili, katikati povu la kuzuia joto. Wakanunua kiyoyozi cha mitumba cha ukutani.

Hapo ndipo nilipoitwa. "Wewe si ulisomea kompyuta?" Mama akauliza. Nikasema hiyo ni kazi ndogo.

Sasa ufundi. Embe lililokomaa lakini bado bichi hukaa vizuri kwenye nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Ukishuka chini ya 10 kwa siku kadhaa, ganda linafanya madoa na tunda halitaiva sawasawa. Lakini kiyoyozi cha kawaida hakikubali kushuka chini ya 16. Kipo kifaa kinachoitwa CoolBot, kilichobuniwa na mkulima wa jimbo la New York, Ron Khosla, ambacho hukidanganya kiyoyozi kiendelee kupoza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Profesa Jane Ambuko, wamekijaribu na maembe hapa Kenya. Ujanja wake ni rahisi: unapasha joto kidogo kihisi cha kiyoyozi, nacho kinaamini chumba bado kina joto, kinaendelea kufanya kazi.

Mimi nikaona kununua cha nje ya nini, nitaunda changu. Nikachukua ESP8266, ile chipu ndogo ya bei nafuu yenye waifai. Nikaweka resista ya omu 47 kwenye voliti 5, inatoa karibu nusu wati ya joto, nikaifunga pamoja na kihisi cha kiyoyozi. Nikaongeza vihisi viwili vya DS18B20: kimoja katikati ya chumba, kingine kwenye zile bati nyembamba za ndani ya kiyoyozi, ili zikikaribia kuganda barafu niache kupasha joto, kompresa ipumzike, barafu iyeyuke.

Kuwasha na kuzima nilitumia taa ya infraredi, kama rimoti. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Rimoti ya televisheni hutuma kitufe kimoja kimoja. Rimoti ya kiyoyozi hutuma hali yote kila unapobonyeza: kimewaka, kipoze, nyuzi 16, feni kasi. Kumbukumbu iko kwenye rimoti. Na kiyoyozi hakijibu. Hakisemi "nimesikia". Unatuma, halafu unaamini.

Yote haya nikayaunganisha na Home Assistant kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi pale stoo, nikawa naona kila kitu kwenye simu nikiwa Nairobi. Mchoro wa joto ulikuwa mzuri ajabu, mstari umenyooka kwenye 13. Niliwaonyesha wenzangu kazini. Kwa majuma mawili nilikuwa mtu mkubwa.

Halafu ikaja Ijumaa moja usiku. Umeme ukapotea, ukarudi baada ya saa moja na nusu hivi. Kile kiyoyozi cha mitumba umeme ukirudi hakijiwashi chenyewe, hilo nilikuwa nalijua. Kwa hiyo programu yangu ilikuwa na mstari wa kutuma amri ya "washa" kila chipu inapoamka. Ikatuma. Lakini chipu yangu huamka kwa sekunde chache tu, na kiyoyozi wakati ule kilikuwa hakijaamka vizuri. Amri ikapita hewani, hakuna aliyeisikia. Na programu yangu ikaandika kwenye kumbukumbu: HALI: KIMEWAKA.

Mtauliza, je, joto lilipopanda hukupata tahadhari? Hapa ndipo ninapoona aibu. Tahadhari ya joto nilikuwa nayo mwanzoni. Ililia kila akina mama walipofungua mlango kupanga kreti, nikachoka, nikaiondoa. Nikabakiza moja tu: kiyoyozi kikiwa kimezimika, nijulishwe. Na kwa mujibu wa programu, kiyoyozi kilikuwa kimewaka.

Wikiendi ile kulikuwa na mazishi kijijini, karibu chama chote kilikuwa huko. Jumamosi asubuhi nilifungua simu, nikaona neno "kimewaka" kwa rangi ya kijani, nikafunga. Mchoro ulikuwa chini yake tu, ningeteremsha kidole ningeuona. Sikuteremsha.

Jumatatu asubuhi Mama akanipigia. Hakusalimia. "Njoo unuse stoo yako."

Embe ni kitu hai, linapumua, na likipumua linatoa joto. Kuta zile zile zilizozuia joto la nje lisiingie zilizuia joto la maembe lisitoke. Chumba kilikuwa na nyuzi 29. Kreti 40 zilikuwa zimeanza kuiva zote kwa pamoja, na mnunuzi wa Jumanne alitaka embe gumu la kusafiri. Alichagua kreti 9. Nyingine 31 zilipelekwa sokoni kwa bei ya kutupa, na zilizobaki walipewa mbuzi.

Nikamwambia Mama nitalipa. Akasema, "Pesa utalipa, hiyo si hoja. Mimi nilisimama mbele ya watu nikasema mwanangu anaijua kazi. Sasa uje usimame wewe."

Nikapanda matatu Jumamosi iliyofuata. Akina mama saba, chini ya mwembe, na mimi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza protokali za infraredi, nikaona haitasaidia. Nikasema: "Nilimtuma mtoto dukani kununua chumvi. Kabla hajarudi, nikaandika kwenye daftari kwamba chumvi iko nyumbani. Sikuangalia jungu." Walielewa mara moja. Wengine walicheka, lakini si kicheko cha kunifurahia.

Kisha mmoja wao, mzee kuliko wote, akauliza maswali mawili ambayo hakuna mhandisi aliyewahi kuniuliza. La kwanza: "Kile kipimajoto kilichokuwa kinaning'inia mlangoni, kilienda wapi?" Nilikuwa nimekitoa mwenyewe. Nilisema tuna vihisi, hakina kazi tena. La pili: "Wewe uko Nairobi, maembe yako hapa, na sisi tuko hapa. Kwa nini simu inalia kwako?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nilijenga mtambo ambao watu pekee waliokuwa karibu na stoo hawakuweza kujua kinachoendelea ndani yake, halafu nikauita wa kisasa.

Basi hivi ndivyo ulivyo sasa. Kipimajoto kimerudi mlangoni, na atakayefungua anaandika kwenye daftari, asubuhi na jioni. Programu haiamini tena amri yake yenyewe. Umeme ukirudi inangoja dakika 3, kwa sababu kompresa nayo haipendi kuwashwa haraka baada ya kuzimika, halafu inatuma amri, halafu inapima mkondo kwenye waya wa kiyoyozi. Kama hakuna mkondo, inatuma tena. Neno "kimewaka" linaandikwa mkondo ukionekana tu, na "kinapoza" linaandikwa hewa inayotoka ikiwa baridi kweli.

Mlango nimeuwekea swichi, ili tahadhari ijue kutofautisha mlango uliofunguliwa na mtambo uliokufa. Joto likikaa juu ya 16 kwa nusu saa, ujumbe mfupi wa kawaida wa simu unakwenda kwa watu watatu wa chama wanaokaa karibu. Mimi ni wa nne. Chipu, modemu ya ujumbe na vihisi vyote vina betri yao, kwa hiyo hata umeme ukipotea wanajua.

Ushauri wangu kwenu mnaounganisha viyoyozi na vidhibiti vya nyumbani, hata kama ni sebuleni Mombasa: tenganisha ulichoamuru na kilichotokea. Vipe majina mawili tofauti kwenye msimbo wako. Kama hujapima, usiandike kwamba unajua.

Deni nimelimaliza kwa miezi mitano. Mwezi uliopita umeme ulipotea usiku, ukarudi, amri ya kwanza ikakosa kusikika, ya pili ikasikika. Niliyaona yote asubuhi kwenye kumbukumbu. Nikampigia Mama kwa furaha kumweleza.

"Najua," akasema. "Niliamka nikaenda kuangalia."

Haya, mpaka wakati mwingine.